Kuhamia kompoziti: chagua programu kwa kiti unachokwenda kukalia

Fundi wa roto (kuchora maumbo ya kukata vitu kwenye picha, fremu kwa fremu) anataka aanze kukabidhiwa shoti nzima. Mtu wa taa za 3D anataka kushika renda zake mpaka mwisho. Mhariri amechoka kukata, anataka kujenga picha. Mchoraji wa michoro mwendo anataka kuingia kwenye filamu. Wote wanne wamo ndani ya VFX (athari za picha za filamu na video) tayari, na wote wanahamia kompoziti, kazi ya kuunganisha pleti (picha zilizopigwa na kamera), renda (picha zinazotolewa na programu ya 3D), vinyago (maumbo yanayosema sehemu ipi ya picha ionekane) na michoro mpaka iwe shoti moja isiyoonyesha mshono. Wote pia huuliza swali lilelile: nijifunze programu ipi?

Swali hilo halina jibu moja kwa wote wanne. Programu huchaguliwa kwa kiti: nani atakukabidhi faili, na nani atazipokea baada yako. Kompoziti hupokea kutoka kila idara, yaani roto, matchmove (kufuatilia mwendo wa kamera), taa, moshi na maji, kisha hupeleka mbele kwa mtu wa rangi na kwa mhariri. Kama programu yako haisomi unacholetewa, au wenzako hawawezi kufungua unachowaachia, uzuri wake haukusaidii kitu.

Chunguza kiti kwanza

Kusanya matangazo 20 ya kazi yenye cheo kile hasa unachokitaka. Usichanganye cheo cha kuanzia na cha juu, wala studio za filamu na za matangazo ya biashara. Kwa kila tangazo andika mambo matatu: programu iliyotajwa kama lazima, programu iliyotajwa kama nyongeza, na aina ya shoti wanazofanya. Hesabu safu ya "lazima" peke yake. Safu ya nyongeza hupotosha, kwa sababu waandishi wa matangazo hujaza humo kila jina walilowahi kulisikia. Programu moja ikitokea kwenye "lazima" mara 12 au zaidi, umeshajibiwa. Zikigawana mbili, soma aina ya shoti, maana mara nyingi utakuta umechanganya viti viwili bila kujua.

Kwa ufupi viti viko hivi. Studio kubwa za filamu na tamthilia, ambako shoti moja hupita mikononi mwa watu kumi, hutumia Nuke ya Foundry. Ilizaliwa ndani ya Digital Domain mwaka 1993, na Foundry ikaichukua mwaka 2007. Matangazo ya biashara yanayomalizwa mteja akiwa amekaa nyuma yako ni eneo la Flame ya Autodesk, inayoendeshwa kwenye Linux na macOS tu. Nyumba za uhariri na rangi zilizojengwa juu ya DaVinci Resolve huwa na Fusion mlemle ndani. Vichwa vya vipindi, michoro mwendo na video za mtandaoni hukaa kwenye After Effects. Anayefanya peke yake kuanzia modeli hadi picha ya mwisho anaweza kubaki ndani ya Blender (programu ya 3D) muda mrefu kabla ya kuhitaji kitu kingine.

Flame ina jambo lake. Ni programu kubwa, na mwendo wa kazi yake una kasi ya chumba chenye mteja. Ujuzi huo ni vigumu kuupata chumbani peke yako, hata ukiwa na leseni. Wengi huingia kwa mlango wa msaidizi: kupokea faili, kupanga matoleo, kutoa kazi zilizokamilika, huku wakijifunza kando. Kama Flame ndiyo lengo lako, tafuta nafasi ya usaidizi kwanza, programu itafuata.

Unachobeba kutoka kiti cha zamani

Aliyetoka kwenye roto ana jicho la kingo. Anajua kwamba mkono unaopita haraka hauna ukingo mkali, na kwamba umbo moja kubwa la mwili mzima ni mateso kuliko maumbo kumi na mawili yanayopishana. Kama ametumia Silhouette (programu ya roto), nodi, yaani visanduku vya kazi vinavyounganishwa kwa waya, si ngeni kwake. Pengo lake ni rangi na renda za 3D, na hapo ndipo muda wa kujifunza uende. Asirudie masomo ya roto kwenye programu mpya zaidi ya siku mbili tatu.

Aliyetoka kwenye taa anaelewa pasi za renda (tabaka zilizotengwa za renda moja) kuliko mtu yeyote: mwanga wa moja kwa moja, mwangwi wa mwanga, vivuli, kina. Asichokijua ni pleti. Hajawahi kupambana na chembe za picha, upindaji wa lensi, skrini ya kijani iliyoangaziwa vibaya, au nyaya za kumwinua mwigizaji zinazopita mbele ya nywele. Kwa kuwa amezoea grafu za nodi kwenye shaderi, Nuke au Fusion haitamtisha.

Mtu wa After Effects ana hisia ya wakati na ya mpangilio wa picha ambayo wengine huhangaika kuipata. Atakachokipambania ni tabia tatu ambazo programu yake haikumlazimisha kuzijua: kuzidisha rangi kwa alfa (kiwango cha kutopenya kwa pikseli), kufanya kazi katika mwanga wa linia (thamani zinazolingana na mwanga halisi), na kuamua kila picha inatoka wapi na inakwenda wapi. Mhariri naye ana faida ya kujua shoti inatumika vipi ndani ya onyesho. Kwake Fusion ndiyo ngazi fupi, kama tayari anaishi ndani ya Resolve.

Leya au nodi

Kwenye After Effects leya zimepangwa juu ya mstari wa muda, ya juu inafunika ya chini. Hilo ni zuri sana pale vitu vinapoingia na kutoka kwa kufuata sauti: maandishi, nembo, vipande 40 vinavyopishana kwa nusu sekunde. Hakuna programu ya nodi inayofanya kazi hiyo kwa wepesi huo.

Ugumu huanza pale kitu kimoja kinapohitajika sehemu nyingi. Chukua kinyago cha mwigizaji mmoja. Unakihitaji kukata mwigizaji, kuzuia moshi usipite mbele yake, kulinda gredi (marekebisho ya rangi) ya mandhari isimguse, na kupima kivuli chake. Kwenye leya utatengeneza komposheni (rundo la leya) ndani ya komposheni, na siku umbo la roto likibadilika utafungua milango minne kuhakikisha limebadilika kote. Kwenye nodi ni waya mmoja unaogawanyika mara nne. Anayefungua kazi yako saa nane usiku, wewe ukiwa umelala, anaona kwa macho kinyago kinakwenda wapi. Studio zenye watu wengi zilichagua nodi kwa sababu hiyo ya usomaji zaidi ya ubora wa picha.

Nuke inaongeza jambo moja juu ya hapo. Waya mmoja hubeba chaneli nyingi (nyekundu, kijani, buluu, alfa na nyinginezo) kwa pamoja. Renda ya EXR (aina ya faili ya picha) yenye pasi 20 hupita kwenye waya uleule, na nodi ya Shuffle huchomoa unayoitaka. Fusion kwa miaka mingi ilibeba RGBA pamoja na chaneli chache maalumu kama kina na mwelekeo wa uso, hivyo ulifungua kila pasi kwa Loader (nodi ya kusoma faili) yake. Toleo la 20 la mwaka 2025 limeleta picha zenye leya nyingi, na pengo hilo limepungua. After Effects hufungua pasi kwa efekti ya EXtractoR, moja kwa kila nakala ya leya. Pasi tano zinavumilika, 20 zinachosha, na mtu aliyechoka hukosea.

Hesabu isiyobadilika

Apple ilinunua kampuni ya Nothing Real, watengenezaji wa programu ya kompoziti ya Shake, mwaka 2002, na mwaka 2009 ikaacha kuiuza Shake. Programu iliyokuwa kwenye meza za studio kubwa iliondoka sokoni, na waliokuwa wakiitumia wakahamisha ujuzi wao kwingine. Kwa hiyo, kabla ya kupima programu, hakikisha una kile kinachohama nawe.

Cha kwanza ni alfa. Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff, wakiwa Lucasfilm, waliandika hesabu ya kuweka picha moja juu ya nyingine: A + B × (1 − a), ambapo A ni picha ya mbele iliyokwisha kuzidishwa kwa alfa yake, B ni ya nyuma, na a ni alfa ya A. Hiyo ndiyo "over" ya kila programu iliyotajwa hapa.

Tazama pikseli moja ya ukingo wa nywele. Rangi yake halisi ni 0.8, alfa ni 0.5. Ikizidishwa inakuwa 0.4. Nyuma yake pana 0.2. Hesabu sahihi: 0.4 + 0.2 × 0.5 = 0.5. Sasa ikizidishwa mara mbili kwa bahati mbaya, 0.4 inakuwa 0.2, na jibu linakuwa 0.3. Huo ndio ule mstari mweusi unaozunguka nywele ambao watu hujaribu kuuondoa kwa kulainisha ukingo, wakati tatizo ni nodi moja ya Premult (ya kuzidisha kwa alfa) iliyowekwa mara mbili. Kinyume chake, ukiongeza 0.1 ya mwanga kwenye gredi bila kugawa kwa alfa kwanza, hata pikseli zenye alfa sifuri hupata 0.1, na mstatili mzima wa picha huonekana kama ukungu juu ya mandhari. Kwenye Nuke utatumia Unpremult, gredi, kisha Premult, au kisanduku cha unpremult ndani ya Grade yenyewe. Kwenye Fusion ni Pre-Divide/Post-Multiply. After Effects huuliza mara moja tu, unapoingiza faili, kama alfa imezidishwa au la, kisha hunyamaza. Ukijibu vibaya pale, utalipa mwishoni.

Cha pili ni mwanga wa linia. Changanya nyeusi na nyeupe nusu kwa nusu. Katika linia unapata 0.5, ambayo kwenye skrini ya sRGB huonekana kama 0.735. Ukichanganya moja kwa moja katika thamani za sRGB unapata 0.5, ambayo kwa mwanga halisi ni 0.214 tu. Tofauti hiyo ndiyo hufanya taa iliyotiwa ukungu ionekane doa la kijivu badala ya kung'aa. Nuke hugeuza kila picha kuwa linia inapoisoma. Kwenye After Effects ni wewe: weka mradi kwenye biti 32, chagua nafasi ya rangi ya kazi na uwashe Linearize Working Space, au tumia mfumo wa kusimamia rangi wa OCIO uliomo kwenye matoleo ya karibuni. Ndani ya Resolve, ukurasa wa Fusion hautakupa linia kama mradi haujapangwa hivyo, kwa hiyo weka ubadilishaji wa nafasi ya rangi mara baada ya MediaIn (nodi ya kuingiza picha) na uurudishe kabla ya MediaOut (ya kuitoa). Blender iko kwenye linia tangu mwanzo, ila tangu toleo la 4.0 mtazamo wake wa kawaida ni AgX, unaobadilisha sura ya pleti. Ukifanya kazi juu ya pleti, badilisha mtazamo uwe Standard, la sivyo utakuwa unagredi kitu ambacho mwenzako haoni.

Leseni na mipaka yake

Soma mipaka ya leseni kabla ya kuweka saa zako humo. Nuke Non-commercial ni bure, hutoa picha hadi 1920 × 1080, na lugha yake ya kuandikia programu, Python, imebanwa. Skripti zake (faili za mradi) zimesimbwa, wala hazifunguki kwenye Nuke ya kibiashara. Maana yake shoti ya mazoezi haiwezi kugeuka kazi ya kulipwa, na huwezi kumtumia rafiki aliye studioni akufungulie. Bado inatosha kabisa kujifunzia. Nuke Indie inaruhusu kazi ya kulipwa hadi 4K kwa mtu mmoja mwenye mapato yasiyozidi kiwango kilichowekwa kwenye mkataba wake, nayo pia ina aina yake ya faili. Kama unapanga kupokea vipande vya kazi kutoka studio, uliza mapema kama wanapokea faili za Indie.

Fusion iliyomo ndani ya Resolve ya bure haikuzuii sana: wengi hawatagusa mpaka wake hadi watoke kwenye ukubwa wa UHD au wahitaji kugawa renda kwa mashine nyingi za mtandao. Fusion Studio, ile inayosimama peke yake, hununuliwa mara moja, na ndiyo nzuri zaidi kwa shoti ndefu zenye faili nyingi, kwa sababu haikulazimishi kupitia mstari wa muda wa uhariri. Blackmagic Design iliinunua kampuni ya eyeon mwaka 2014, na tangu Resolve 15 ya mwaka 2018 Fusion imekuwa ukurasa humo. Unaweza kuhamisha nodi kati ya hizo mbili kwa kunakili na kubandika.

Blender ni huru bila masharti ya mapato. Natron nayo ni huru, na mpangilio wake unafanana na wa Nuke kiasi kwamba mazoea ya vidole yanahama. Maendeleo yake yamekuwa ya polepole, kwa hiyo itumie kujifunza mantiki tu. Usiitegemee kwa shoti yenye tarehe ya kukabidhi.

Jaribio la shoti moja

Ukibaki na programu mbili, usiangalie video za kulinganisha. Fanya shoti moja, ileile, kwenye zote mbili. Tafuta pleti ya skrini ya kijani ya fremu 100 yenye nywele na mwendo wa mkono, pleti ya mandhari, na renda ya kitu kimoja cha 3D kwenye EXR yenye pasi zisizopungua sita pamoja na Cryptomatte (pasi inayokupa kinyago cha kila kitu). Ipe kila programu siku tano, si zaidi.

1. Ingiza kila kitu na uthibitishe nafasi ya rangi. Soma thamani ya pikseli ileile kwenye programu zote mbili. Zikitofautiana, simama hapo hadi ujue kwa nini.
2. Kata kijani kwa kugawa kazi: kinyago kigumu cha ndani ya mwili, kinyago laini cha nywele, na roto ya kutupa takataka za nje. Nuke ina Keylight, Primatte na IBK, Fusion ina Delta Keyer, After Effects ina Keylight.
3. Ondoa kijani kilichorukia ngozi kwa hesabu yako mwenyewe: kijani kisizidi wastani wa nyekundu na buluu. Kwenye nodi ya Expression ya Nuke, chaneli ya kijani ni min(g,(r+b)/2). Kwenye Custom Tool ya Fusion ni min(g1,(r1+b1)/2). Ngozi ikigeuka zambarau, umezuia mno. Changanya matokeo na picha ya awali.
4. Jenga upya renda kutoka pasi zake kwa kujumlisha, kisha toa jumla hiyo kwenye renda kamili. Jibu liwe nyeusi tupu. Kikibaki chochote, kuna pasi umeisahau au umeijumlisha mara mbili.
5. Traki alama mbili za mandhari, yaani fuatilia mwendo wake, na ukibandike kitu cha 3D.
6. Toa chembe kwenye pleti kabla ya kuikata, kisha zirudishe juu ya vitu vyote mwishoni, ili renda isikae safi pembeni ya mwigizaji mwenye chembe.
7. Badilisha pleti ya mandhari kwa nyingine yenye ukubwa tofauti.
8. Funga mradi. Ufungue baada ya siku mbili na umpe mtu mwingine aeleze kinachotokea humo bila wewe kusema neno.

Hatua ya saba na ya nane ndizo zinazosema kweli. Kukata kijani kunawezekana kokote. Kinachotofautisha programu ni mabadiliko yanapokuja, nayo huja kila siku. Kwenye Fusion utaona ukubwa wa turubai ukifuata ingizo la manjano la Merge, yaani la nyuma, na kila kitu kitahama kwa uwiano kwa kuwa vipimo vyake ni sehemu za moja. Kwenye Nuke ukubwa hufuata waya wa B, na vipimo ni pikseli, kwa hiyo vitu vitabaki pale vilipokuwa kwa hesabu na kuonekana vimehama kwa macho. Reformat ndiyo dawa. Andika muda uliotumia kwenye kila hatua, hasa dakika za kutafuta kosa. Programu iliyokufanya ulione kosa haraka ina uzito kuliko iliyokuwa na vitufe vizuri.

Mambo yanayoharibika wakati wa kuhama

Vipimo vya mahali vinaumiza wengi. After Effects huhesabu kuanzia kona ya juu kushoto. Nuke huanzia chini kushoto. Fusion pia huanzia chini kushoto, ila huhesabu kutoka 0 hadi 1. Alama iliyo kwenye 480, 270 ndani ya After Effects kwenye picha ya 1920 × 1080 itakuwa 480, 810 kwenye Nuke, kwa maana 1080 − 270 = 810, na 0.25, 0.75 kwenye Fusion. Mzunguko nao hugeuka: namba chanya huzungusha kwa kufuata saa kwenye After Effects, na kinyume cha saa kwenye Nuke na Fusion. Ukihamisha data za kutraki na kitu kikateleza juu pale kinapopaswa kushuka, ndiyo hiyo.

Namba za fremu ni mtego wa pili. Studio nyingi huanzisha shoti kwenye fremu 1001, ili pabaki nafasi ya kuongeza fremu mbele bila kuingia namba hasi. Nuke husoma namba ya faili jinsi ilivyo. After Effects huanza na 0 usipoiambia vingine, hivyo ufunguo (alama ya badiliko la thamani) wa fremu ya 37 ni wa 1038. Badilisha namba ya kuanzia kwenye mipangilio ya komposheni kabla ya kuweka ufunguo wa kwanza. Angalia pia kasi: EXR haikulazimishi kasi yoyote, kwa hiyo programu hubuni yake, na shoti ya fremu 24 kwa sekunde iliyosomwa kama 30 itapoteza mwafaka na pleti ya video pembeni yake.

Aliyehamia Nuke atakutana na sanduku la mipaka. Kila picha hubeba mstatili wa eneo lenye data, na Merge ya kawaida huunganisha mistatili yote. Ukungu mmoja mkubwa au badiliko moja la ukubwa likiupanua, programu itahesabu pikseli ambazo hakuna atakayeziona, na skripti iliyokuwa nyepesi itakuwa nzito ghafla. Tazama mistari ya nukta inayotoka nje ya fremu, weka Crop baada ya nodi iliyoipanua. Watu hununua mashine mpya kwa tatizo ambalo Crop moja ingelimaliza.

Mashine na diski

Fremu moja ya HD kwenye EXR ya biti 16 yenye chaneli nne, isiyobanwa, ni 1920 × 1080 × 4 × 2, kama megabaiti 16.6. Kwa fremu 24 kwa sekunde diski inatakiwa kusoma karibu megabaiti 400 kila sekunde ili mchezo usikwame. Fremu ya 4096 × 2160 ni megabaiti 70.8, na fremu 100 ni gigabaiti 7. Hapo bado hujaongeza pasi. Kwa hiyo SSD ya ndani kwa ajili ya kache ina faida kubwa kuliko unavyodhani, tena mapema kuliko kadi ya picha ghali.

Ubanaji wa faili za EXR nao uchague kwa programu. Nuke huhesabu picha mstari kwa mstari, na ZIPS hubana mstari mmoja mmoja, kwa hiyo zinapatana. ZIP ya kawaida hubana mistari 16 pamoja. DWAA ni ndogo mno ila hupoteza data, itumie kwa picha za kukagulia na usiitumie kwa vinyago au Cryptomatte. Namba za Cryptomatte zikibadilika hata kidogo, kinyago hakitokei.

Fusion na kompoziti ya Blender huegemea kadi ya picha. Nuke huegemea zaidi prosesa na RAM. RAM ya GB 32 ni mahali pa kuanzia pasipo na shida nyingi. Kipanya kiwe na vitufe vitatu, kwa kuwa kitufe cha kati ndicho kinachosogeza grafu. Kama kiti unachokitaka kiko studio kubwa, zoea Linux mapema, walau kufungua faili, njia za folda na ruhusa zake. After Effects haipo huko.

Muda na rili

Ukishaamua, kaa na programu hiyo moja kwa wiki 12. Wiki mbili za kwanza ziwe za Merge, gredi na roto tu, mpaka uweze kueleza kila nodi kwa nini ipo. Mbili zinazofuata kukata kijani. Kisha wiki tatu za kujenga renda na kuilinganisha na pleti, mbili za kutraki na kusafisha nyaya, na tatu za mwisho kwa shoti za rili (video fupi ya kuonyesha kazi zako). Ukihisi hamu ya kujaribu programu nyingine katikati, iandike kwenye daftari na uendelee.

Rili ya kuhamia kiti kipya iwe ya sekunde 60 hadi 90, shoti tatu au nne. Kila shoti ionyeshe pleti tupu, kisha hatua, kisha picha ya mwisho, na maandishi madogo yanayosema ulichofanya wewe hasa. Kama roto au renda si yako, sema si yako. Usitumie pleti za mafunzo ambazo kila mtu anazitumia, kwani anayekagua amezoea kuziona zimekatwa na mikono mingi. Ukitoka kwenye taa au roto, weka shoti moja ya kazi yako ya zamani mwishoni, fupi, ili msomaji wa rili ajue unakuja na nini mkononi. Hifadhi pia skripti ya kila shoti ikiwa safi, nodi zimepangwa na kuandikwa majina. Kwenye usaili huenda ukaombwa uifungue na kuipitia nodi kwa nodi.